Nilisamehewa Pampu Ambayo Sikuiba

Pampu yenyewe haikuwa hata nzuri. Ilikuwa kuukuu, inakohoa moshi, na kila wiki ilikuwa lazima niitwe kuibembeleza ndipo ivute maji. Mwenyewe alikuwa jirani yetu kule Ngoliba, mzee wa kanisa letu. Nilikuwa na miaka kumi na minane ilipoibwa shambani kwake. Nani mwingine angeweza kuifungua gizani? Polisi walinichukua nikiwa bado na grisi mikononi.

Kesho yake mama yangu, Mami, alikuja kituoni akiwa na yule mzee. Kanisani kwetu mambo haya yana utaratibu: mkosaji anasimama mbele ya aliyemkosea, anakiri, anasamehewa, watu wanaomba, chai inanywewa. Asiyekiri hana cha kusamehewa. Sote watatu tulidhani kituo cha polisi nacho kinaendeshwa hivyo.

"Mami, si mimi," nilimnong'oneza.

"Najua si wewe. Lakini kubali tu, hii maneno iishe twende nyumbani. Mzee amesema atakusamehe, bora tu akusikie ukikubali."

Basi nikakubali. Hilo peke yake ningeweza kujisamehe, maana nilikuwa naogopa kulala tena kwenye ile sakafu ya seli. Kinachonichoma mpaka leo ni jinsi nilivyokubali.

"Ulifungua na nini?" askari aliniuliza.

"Spana, afande."

"Namba ngapi?"

"Kumi na nne."

Nati za pampu ile nilizijua moja moja. Nikaeleza ipi ilishika kutu, na jinsi nilivyoipiga nyundo ikaachia. Nikaeleza gunia nililoifungia. Nikaeleza na mnunuzi wa kule mtaa wa Githurai 45, mwenye kofia nyekundu na jino lililovunjika, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Askari alikuwa akiitikia kwa kichwa, na kila alipoitikia nikaongeza. Nilitaka aridhike, kama mwanafunzi anayetafuta alama ya vema. Mami alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu, anasikiliza.

Mzee alinishika mkono, akaniombea, hata akatokwa na machozi. Kisha askari akatuambia kwamba kesi sasa ni ya serikali, mzee aende nyumbani. Mahakamani Thika nilisomewa shtaka, nikajibu, "Ni kweli." Nilipewa kifungo cha nje, nikawa nafyeka nyasi kwenye ofisi ya chifu huku wasichana niliosoma nao wakipita kwenda sokoni. Walinisalimia vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Pampu haikupatikana. Nani angeitafuta, na mwizi yuko pale anafyeka?

Siku hizi niko Ruiru, nafunga pampu za maji kwenye nyumba za kupangisha. Mami hakuwahi kuniuliza lolote juu ya siku ile, nami nilijiambia hana haja ya kuuliza. Dunia nzima ikiniita mwizi, yuko mmoja anayejua. Nilikuwa nimeishi kwa hilo.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, akaleta ndizi na maharagwe. Tulikula, tukacheka sana juu ya kuku wake anayetaga kwenye kiti cha wageni. Halafu akanishika goti.

"Kijana yangu, ile maneno ya pampu, mimi nilishakusamehe kitambo. Usikae ukidhani niko na kitu kwa roho."

"Mami, si ulisema unajua si mimi?"

"Nilikuwa najua hivyo," akasema kwa upole, "mpaka nikakusikia ukieleza."

Alikuwa ananitazama kwa upendo mtupu, kama mtu aliyetua mzigo mzito. Ningeweza kusema kweli wakati huo. Lakini ningemweleza nini ambacho kingeshinda ile spana namba kumi na nne, ile kutu, lile jino? Uso uliniwaka moto.

"Asante, Mami," nikasema.