Mgongo wa Mwizi wa Mpunga

Juzi nilikuwa kituo kimoja cha polisi huku Kibiti, nimekwenda kuripoti kitambulisho kilichopotea. Feni ilizunguka polepole na usingizi wa adhuhuri ulitukalia sote. Mbele yangu mfanyabiashara wa mpunga alikuwa anahuisha leseni ya bastola.

"Mwizi amebeba gunia lako, anakimbia, amekupa mgongo," afande alimuuliza. "Unafanya nini?"

"Nampiga ya mguu."

Afande aliweka kalamu chini. "Risasi ni ya kuokoa roho, tena hatari iwe mbele yako na huna njia nyingine. Mpunga una roho?"

Mama mmoja kwenye benchi alisema kama anayeota, "Sisi tunalinda mpunga juu ya dungu, tunapiga debe kufukuza nguruwe. Akishageuka, tunaacha. Anayemfuata majanini ndiye anayerudishwa kwa machela."

Maneno yale yakanipeleka shambani, juu ya dungu, jukwaa lile la miti, mpunga ukiinama na kuinuka chini yangu.

"Basi nitapiga kelele," mfanyabiashara alisema. Muhuri ukagongwa. Akaichukua bastola yake kaunta, akairudisha kiunoni, akaaga.

Pale mlangoni aliguswa bega kwa nyuma. Mkono wake ukashuka kiunoni kabla hajageuka, nasi sote usingizi ukatuishia. Aliyemgusa alikuwa yule mama, amemletea miwani aliyoisahau kaunta.

Jibu mfanyabiashara alilijua, ila mkono wake haukuwapo wakati wa maswali. Nadhani afande naye aliliona hilo, maana alinyoosha kiganja taratibu.

"Mzee, hebu irudishe hiyo leseni kwanza."