Fundi Viatu na Chumba cha Ngokolo

Tarsisi Kamili aliugua ukoma akiwa kijana huko Ushirombo. Alitibiwa miaka minne katika kambi ya wagonjwa, na mwaka 1971 akatoka amepona, amepungukiwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Alitoka na ufundi wa kushona viatu, pamoja na cheti chenye mhuri wa daktari kilichosema kwamba hawezi kumwambukiza mtu yeyote.

Akaja Shinyanga mjini, akapanga chumba Ngokolo kwa mzee Masele, mwenye nyumba ya vyumba sita. Masele alikisoma cheti, akakirudisha, akampa ufunguo. Miezi mitano ikapita bila neno. Tarsisi alishona viatu barazani, alifagia ua zamu yake ilipofika, na Jumapili alikwenda misa amevaa shati lililopigwa pasi.

Ndipo Mama Gregory, mpangaji wa chumba cha mbele, alipouona vizuri mkono ule siku Tarsisi alipompokea ndoo ya maji. Wiki haikuisha, wapangaji wote wakamwambia Masele achague: ama fundi atoke, ama watoke wao. Masele hakuwa mtu mbaya. Alibeba kigoda chake, akakaa mbele ya Tarsisi, akasema huku anatazama chini kwamba ana watoto wa kulisha.

"Mzee, cheti si ulikisoma?" Tarsisi akamwuliza.

"Nilikisoma mimi. Wao hawatakisoma."

Tarsisi alikuwa amesikia kwamba mpangaji asiye na kosa hafukuzwi ovyo, kwa hiyo akapeleka shauri lake kwenye baraza lililoamua kesi za nyumba. Wajumbe watatu wakamsikiliza. Alipotaka kukabidhi cheti, mwenyekiti alimwambia abaki pale pale mlangoni akisome mwenyewe kwa sauti. Akakisoma. Baraza likaamua kwamba Masele hana sababu ya kumtoa.

Alishinda, lakini aliporudi akakuta njia ya chooni imezibwa kwa matawi ya miiba. Watoto waliozoea kumletea viatu wakakatazwa kufika kwake. Kila alipovuka ua, Mama Gregory alimwaga majivu juu ya nyayo zake. Masele, ambaye amri ilimzuia kumfukuza, hakumfukuza. Aliacha tu kuitikia shikamoo yake. Tarsisi alistahimili miezi miwili, halafu akatia nyundo na sindano zake kwenye gunia, akaondoka.

Alihangaika huku na huko miaka mingi, mwishowe akatua Kharumwa, ambako watu walikuwa wakichimba dhahabu. Wachimbaji hawakuuliza habari za vidole. Wengine wao walikuwa wamepoteza vyao mashimoni. Buti zao zilichanika kila wiki, na Tarsisi akazishona mpaka akajenga nyumba yake mwenyewe ya bati, vyumba vinne. Kimoja akalala yeye, vitatu akapangisha.

Mwaka 1984 chumba kimoja kilikuwa wazi. Akaja mjane mmoja, Mbuke, kutoka kijiji cha jirani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama ya mwanamke yeyote aliyepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Lakini ng'ombe wa shemeji zake walikuwa wamekufa, na mganga alikuwa amewaambia wamtazame mwenye macho mekundu. Mbuke alieleza yote bila kuficha. Alitaka mahali penye mlango unaofungika.

Donatus, mchimbaji aliyekuwa amepanga chumba cha pembeni, akamwita Tarsisi nyuma ya nyumba. Akamwambia kwamba yule mama akiingia, wao watahama siku hiyo hiyo, kwani nani atashuka shimoni akitoka kulala jirani na mchawi?

Tarsisi alirudi barazani. Alijua kabisa kwamba wekundu ule ni wa moshi.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "chumba kimeshapata mtu."

Mbuke aliutazama mlango uliokuwa wazi na chumba kitupu ndani. Hakubisha. Alimshukuru, akajitwika mzigo wake, akarudi alikotoka.

Baada ya wiki tatu habari ikafika sokoni kwamba amekatwa mapanga nyumbani kwake. Chumba alikuwa amekipanga mnunuzi wa dhahabu aitwaye Januari, mtu mpole, na hakuna mpangaji aliyehama.

Tarsisi alitembea kwa miguu hadi kwenye matanga, akakaa mwisho kabisa wa waombolezaji. Jioni binti wa marehemu, Serafina, alipita akigawa uji. Alipomfikia akamwuliza kwa heshima yeye ni nani kwa mama.



"Mimi ni fundi viatu tu," Tarsisi akasema.

Serafina akampa kikombe. Tarsisi akakipokea kwa mikono miwili, lakini hakuweza kunywa.