Kaye ya Arlette na Kashe ya Placide

Placide anatengeneza mota za mitumbwi pale Baraka, kando ya ziwa, na hakuna kitu anachokipenda kama kashe yake, yaani muhuri wake. Mota anazijua, mke wake Claudette anampenda, lakini kashe ni habari nyingine. Aliichongesha Uvira: duara, wino wa bluu, PLACIDE FUNDI MOTA katikati. Akikuuzia hata skrubu moja, atakutafutia karatasi ili apate pa kuipiga. Mwaka jana aliipiga mpaka kwenye kadi ya arusi ya shemeji yake, na shemeji hakucheka.

Kwa hiyo sekondari moja ilipomwandikia kwamba itamletea mwanafunzi wa staji, ajifunze kazi kwa siku ishirini na nne, na kwamba kila jioni atasaini kaye yake, daftari la kazi za siku, na kupiga kashe, Placide alikubali kabla hajamaliza kusomewa barua.

Alitegemea kijana. Akaja Arlette, binti wa miaka kumi na tisa, mwaka wa sita mekanike, salopeti imemzidi kimo, chini ameikunja mara tatu. Sasa Placide si mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Aliogopa tu. Alijiona tayari amesimama mbele ya baba wa yule binti, anaeleza kidole kimeenda wapi. Bado anawaza ampe kazi gani, Claudette akapita anawahi soko, beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani na Dieumerci wao wa miezi minane mgongoni. Placide akapata jibu. Akamwambia Arlette awashikie mtoto kidogo.

Hiyo kidogo ilikula siku kumi na mbili.

Kila jioni Arlette alileta kaye, mwandiko mzuri, mistari imejaa mpaka chini. Miwani ya Placide ilivunjika tangu Pasaka, na bila miwani herufi zote kwake ni siafu. Basi alisaini, akaipulizia kashe, akapiga. Nyumbani alimsifia kwa Claudette kwamba yule binti anaandika sana, atafika mbali.

Siku ya kumi na mbili akaja Mwalimu Zénon, msimamizi wa staji kutoka shuleni. Alikaa juu ya kibidoni cha mafuta, akafungua kaye, akageuza kurasa moja moja. Wavuvi watatu waliokuwa wakingoja mota zao wakasogea. Mwalimu akaanza kusoma kwa sauti, na sauti ya walimu mnaijua.

"Siku ya kwanza. Kazi: kubeba mutoto, saa mbili mpaka saa tisa. Chombo kilichotumika: kitenge. Ugumu: amekojoa mara ine." Akainua macho. "Imesainiwa. Kashe iko."

Siku ya pili ilikuwa uji, chombo: sufuria. Siku ya tano jino lilikuwa linatoka. Siku ya tisa, ugumu: mtoto amezoea garaji, hakubali kulala kama mota haingurumi. Na chini ya kila siku, duara la bluu, safi, limekaa sawasawa. Wavuvi walicheka mpaka mmoja akaketi mchangani. Placide hakuwahi kuichukia kashe yake kabla ya asubuhi ile.

Arlette hakucheka. Mwalimu alisema wazi: bila kazi ya mota hakuna pointi za staji, na bila pointi hataingia kwenye Exetat, ule mtihani wa serikali. Binti akatazama viatu vyake. Akasema akikosa mwaka huu, baba yake anamrudisha Lweba kulima muhogo, alishasema. Aibu ikamshika Placide mpaka masikio yakawa ya moto. Alimvuta Arlette pembeni, akamnong'oneza wachane zile kurasa, aandike nyingine, yeye atazipiga kashe zote siku hiyohiyo.

"Patron, mi niliandika kitu nilifanya," Arlette akamwambia. "Na we ulisaini."

Mwalimu akahesabu siku zilizobaki, nazo zilikuwa kumi na mbili. Siku ya mwisho, alisema, binti afungue mota peke yake, aisafishe, aifunge, na iwake mbele ya macho yake. Isipowaka, basi tena.

Kesho yake Placide alimkabidhi Arlette sanduku zima la vyombo. Na mtoto je? Claudette alisema sokoni kuna moshi na jua, asimwambie habari hizo. Mtoto mwenyewe alishachagua: akiachwa nyumbani kwa shangazi analia mpaka majirani wanakuja kuuliza. Anataka mgongo, na anataka mota. Placide akatazama huku, akatazama kule, akachukua kitenge.

Baraka ilipata habari kabla ya saa nne. Bamama wa ndagala wakaanza kupitia njia ya garaji, hata wale ambao njia yao ni nyingine kabisa. Willy, mvuvi wa Swima, alileta mota iliyogoma, akamuulizia fundi. Placide, amejiinamia anambembeleza mtoto, akaonyesha kwa midomo kule Arlette alikokuwa, mikono imejaa grisi. Arlette akiitisha ufunguo wa nati wa kumi na tatu, Placide anauleta. Kila alichomfundisha alimfundisha akiyumba kushoto na kulia, na mpaka leo Arlette akikueleza kabureta anayumba vilevile.

Siku ya mwisho ikafika. Arlette aliifungua mota ya Willy, akaisafisha, akaifunga, akaitia kwenye pipa la maji, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Placide alikwishaliona kosa, akafungua mdomo, Mwalimu akamtazama, akaufunga. Kwa kukosa mngurumo Dieumerci akaamka, akaanza kulia.

Arlette hakuvuta tena. Alifanya vile alivyofanya siku zote mtoto akilia: unaangalia kwanza kama amelowa, halafu kama amekula. Alichomoa buji, kile kidude cha cheche. Haikulowa, ilikuwa kavu kabisa. Basi mota haijala. Akaufuata mpira wa mafuta kwa vidole, akakuta umelegea, akaubana. Akavuta. Mota ikanguruma, na Dieumerci akalala hapohapo.

Mwalimu aliandika kumi na saba juu ya ishirini. Arlette akajaza ukurasa wa mwisho, na Placide, kashe mkononi, akaazima kwanza miwani ya Mwalimu. Alisoma polepole: "Kazi: mota ya Willy imefunguliwa, imesafishwa, imewaka. Musaidizi: Patron Placide, amebeba mutoto siku kumi na mbili. Chombo kilichotumika: kitenge."

Alirudia kusoma. Kisha akauliza kama yeye naye amepata pointi ngapi.

"Kumi juu ya makumi mbili, Patron," Arlette akasema. "Kufunga kitenge, haujajua bado."

Placide akaipulizia kashe, akapiga.