Barua Ambayo Mkuu Hakuiandika

Barua iliingia saa tano asubuhi, siku ya Ijumaa. Ilikuwa na jina la mkuu wa chuo, anwani yake ya barua pepe na salamu zake za kila siku. Ilisema kwamba mtihani wa mwisho wa muhula, uliokuwa uanze Jumatatu, umesogezwa mbele wiki moja kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa chuo, na kwamba wanafunzi wanaotaka kwenda nyumbani waruhusiwe bila kujaza fomu. Kufikia saa nane mchana mabweni yalikuwa matupu. Muda wote huo mkuu alikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa, anapanga wasimamizi wa mtihani wa Jumatatu.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha kufundisha matabibu, pembeni mwa mji wa Kibondo. Mimi nilikuwa afisa TEHAMA, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine, nilikuwa pia mkufunzi wa somo la kompyuta, fundi wa printa na mtu wa kuitwa projekta ikikataa. Nilikuja kutoka Tanga nikidhani nitakaa miaka miwili. Huo ulikuwa wa sita. Kiha, lugha ya huku, nilichokijua ni salamu, na namna mbili za kukataa kuongezewa ugali, ambazo hazijawahi kufanya kazi.

Jumamosi asubuhi mkuu alipita bwenini akamkuta mlinzi peke yake anafua.

"Wako wapi?"

"Wamekwenda makwao, mkuu. Kwa barua yako."

"Barua gani?"

Mlinzi hakuwa na simu ya kusomea barua pepe, lakini alikuwa amefanya kazi yake. Kwenye daftari la getini aliandika kwa wino mwekundu: Wameondoka kwa idhini ya Mkuu. Mkuu alisoma mstari huo, kisha akanipigia simu.

Nilimwonyesha barua kwenye kompyuta yangu. Aliisoma mara mbili.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Ila si mimi."

Niliulizwa wiki ile yote iliwezekanaje, na kila nilipoeleza nilijisikia vibaya, kwa hiyo nieleze hapa mara moja. Kila chuo chenye anwani yake mtandaoni kina kumbukumbu zinazotunzwa kwenye mfumo unaoitwa DNS. Ni kama rejista ya masjala. Kompyuta inayotaka kujua tovuti yetu iko wapi, au barua zetu zipelekwe wapi, inauliza huko. Kwenye rejista hiyo unaweza kuweka mstari unaotaja ni mitambo ipi inayoruhusiwa kutuma barua kwa jina la chuo, na mwingine unaosema kwamba barua ikitoka kwingine ikataliwe. Usipoweka mistari hiyo, mtu yeyote aliye popote anaweza kuandika jina la mkuu kwenye sehemu ya mtumaji, na barua itapokelewa. Hahitaji kuiba nywila. Hahitaji hata kuwa mwerevu sana.

Kwenye rejista yetu mistari hiyo haikuwepo. Kampuni iliyotupatia anwani ilinikumbusha mara mbili. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari langu la kazi za kufanya, chini ya kubadilisha wino wa printa. Wino nilibadilisha.

Mkuu aliagiza barua ya kukanusha itoke papo hapo. Aliiandika mwenyewe, kwa hasira, na ikatoka na makosa. Niliituma kwa wanafunzi wote, nikaiweka pia kwenye kundi lao la WhatsApp. Wakaanza kuijadili.

"Hii ya pili ndiyo feki," aliandika mmoja. "Mkuu hawezi kuandika mtiani."

"Ya kwanza ina salamu. Hii haina hata habari zenu."

"Mwalimu wa kompyuta alisema barua ikikuharakisha, usiiamini. Hii imesema haraka mara tatu."

Kweli nilisema hivyo, na hata kwenye jaribio la darasani niliuliza. Nusu saa haikupita, darasa zima lilikuwa limekubaliana kwamba kuna mtu anataka kuwarudisha chuoni kwa hila. Nilipoandika kwamba ni mimi, mkufunzi wao, waliniuliza nitathibitishaje.

Aliyetutoa hapo ni mhazili wa mkuu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kupiga chapa bila kuangalia vidole. Alikulia kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila mpaka ilipofungwa, akaolewa Kasulu, na sasa ni raia mwenye kitambulisho alichokisubiri kwa muda ambao hapendi kuutaja.

"Kambini kipaza sauti kilisema mengi," alimwambia mkuu. "Leo hivi, kesho vile. Sisi tulingoja mtu wa mtaa wetu apite. Akija mtu unayemjua kwa sura, unatoka. Hawa nao waendewe."

Mkuu alifikiri. "Wote?"

"Wasioamini wote."

Wakufunzi waligawana pikipiki wakaenda vijiji vya karibu na Kibondo, na jioni hiyo hiyo wengi walikuwa wamerudi, wakiwa na mihogo ya kuchemsha kwenye mifuko. Walibaki saba, wote wa upande wa Kasulu. Jumapili alfajiri mimi, mhazili na dereva tukaingia kwenye gari la chuo tukashika lami ya kwenda huko.

Kijiji cha Kagerankanda tuliwakuta wanne kanisani, ibada inaisha. Walipomwona mhazili hawakuuliza kitu, walikwenda kuchukua mabegi yao. Mmoja tu alinigeukia akaomba kitambulisho changu cha kazi. Nilikuwa nimemfundisha mwaka na nusu. Alikigeuza mbele na nyuma, akalinganisha picha na uso, akanirudishia.

"Samahani, mwalimu. Ulitufundisha hivyo."

Nilimwambia hakuna shida. Kwa kweli nilijisikia fahari kidogo, hisia ambayo sikuitarajia safari ile.

Wa tano alikuwa kijiji cha Rungwe Mpya, msichana wa mwaka wa tatu, wa kwanza au wa pili darasani kila muhula. Tulielekezwa nyumba yake kwa kuulizia, wenzake wakiwa wamebanana kiti cha nyuma. Uani muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya mkeka. Yeye alikuwa ameinama mlangoni anafua shuka. Alituona, akaikamua shuka yote mpaka mwisho, akaianika, ndipo akaja.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, dada."

Nilianza hotuba yangu: barua ile si ya mkuu, mtihani ni kesho. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Mwalimu, umeangalia vichwa vya barua?" aliniuliza. "Ile mistari ya juu iliyofichwa, inayoonyesha imepita wapi?"

Sikuwa nimeangalia. Ni jambo la kwanza la kufanya, na nililifundisha kwa vipindi viwili.

"Ungeangalia ungeona imetoka kwenye mtandao wa maabara yetu ya kompyuta," alisema. "Niliituma mimi."

Nilimtazama mhazili. Mhazili alikuwa anatazama ndani ya nyumba, ambako mtu alikuwa anakohoa.

"Wewe ulituonyesha muhula wa kwanza," msichana aliendelea, kwa sauti ile ile ya kujibu swali darasani. "Ulitutumia barua kwa jina la mkuu, inatupongeza kwa usafi wa vyoo. Ukasema kikoa chetu, yaani anwani ya chuo mtandaoni, hakina ile orodha ya wanaoruhusiwa kutuma, na kwamba utaiweka. Wiki iliyopita nikaangalia. Bado."

"Kwa nini ulifanya hivi?"

Alitupeleka ndani. Mama yake alikuwa amelala kwenye godoro, mguu wa kulia umefungwa vijiti kuanzia nyonga mpaka goti. Alianguka akiwa na mzigo wa muhogo kichwani, siku kumi zilizopita. Fundi wa mifupa wa kijijini alimfunga, na mguu ukawa unavimba. Kaka wa msichana alikuwa Tabora kwenye mashamba ya tumbaku. Msichana aliomba ruhusa mara mbili, akajibiwa kwa maandishi kwamba katika wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani hakuna ruhusa. Lile jibu lilikuwa la mkuu kweli.

"Sikutaka kuukimbia mtihani," alisema. "Nilitaka wiki moja nimpeleke hospitali, nipate mtu wa kukaa naye. Ningeandika wiki mbili mngeshtuka. Tangu Ijumaa natafuta gari la kumbeba, sijapata."

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mhalifu wa mbali, mwenye kofia, katika nchi nisiyoijua. Nilimkuta mwanafunzi wangu bora. Nilimkasirikia, kisha nikakumbuka daftari langu la kazi, na hasira ikakosa pa kukaa.

Mhazili alikuwa ameshapiga magoti pembeni ya godoro. Waliongea na mama kwa lugha ambayo ni Kiha au ni Kirundi, sijui inapoanzia moja na kuishia nyingine, na wao hawakuonekana kujali. Aliugusa ule uvimbe kwa mgongo wa mkono. Kisha akainuka.

"Gari lina nafasi," alisema.

Gari halikuwa na nafasi. Wanafunzi wanne walishuka, wakambeba mama kwa godoro lake, wakamlaza kiti cha nyuma. Watatu wakapanda nyuma kwenye mizigo, na mmoja akatufuata kwa bodaboda. Tulikwenda polepole, na kwenye kila shimo mama alisema neno moja ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Hospitali ya Kasulu walimpokea. Tabibu wa zamu alipoona vijiti alimuuliza msichana kwa nini alichelewa kumleta. Msichana alimtajia tu siku aliyoanguka. Mhazili akampigia mama mkwe wake, anayeishi karibu na soko, na mama huyo akaja na uji kwenye chupa, akakaa kitandani kama vile mgonjwa ni ndugu yake.

"Nenda kafanye mtihani," mama mkwe alimwambia msichana. "Mimi sina mtihani."

Wawili waliobaki hatukuwapata. Mmoja alikuwa ameshuka Kigoma kwa dada yake na simu yake ilikuwa imezimwa. Wa pili alipokea simu, akasikiliza maelezo yote, akasema hawezi kutapeliwa kirahisi hivyo, akakata.

Jumatatu mtihani ulifanyika. Msichana alikaa safu ya mbele, akaandika mpaka dakika ya mwisho, akaomba karatasi ya nyongeza. Nilikuwa msimamizi wa chumba kile. Nilitembea kati ya madawati siku nzima nikitunga ripoti kichwani.

Niliiandika Jumanne, kurasa tatu. Kurasa mbili na nusu zilimhusu yeye: alichofanya, saa, kompyuta ipi, njia aliyotumia. Kuhusu rejista ya DNS niliandika sentensi moja: Ilibainika kuwa kumbukumbu za kuzuia barua za kughushi hazikuwa zimewekwa. Nikampelekea mhazili aichape rasmi. Alichapa mpaka sentensi hiyo, akasimamisha mikono.

"Kaka, hazikuwa zimewekwa na nani?"

"Na chuo."

"Chuo ni nani?"

Nilirudi na ripoti ofisini kwangu. Ilinichukua mchana mzima kuandika ukurasa mmoja. Niliandika kwamba kazi ilikuwa yangu, kwamba nilikumbushwa mara mbili, na kwamba niliionyesha kasoro hiyo kwa darasa zima kisha nikaiacha wazi. Niliongeza, bila kuulizwa, kwamba msichana aliomba ruhusa mara mbili, na nikaambatisha majibu. Mhazili aliichapa. Alirekebisha nukta moja.

Kamati ya nidhamu ilikaa Alhamisi. Mkuu alisoma ripoti yote kwa sauti, pamoja na majibu yake mwenyewe ya kunyima ruhusa, na hapo sauti yake ilishuka kidogo. Alimuuliza msichana kama ana la kusema.

"Wawili hawakufanya mtihani kwa sababu yangu," alisema. "Hilo ndilo siwezi kulieleza."

Alisimamishwa mwaka mmoja. Wengine kwenye kamati walitaka afukuzwe kabisa, na mkuu ndiye aliyekataa. Wale wawili waliruhusiwa kufanya mtihani wa marudio. Yule wa Kigoma alifaulu. Yule aliyekata simu alifeli somo moja, akarudia mwaka. Msichana alikwenda nyumbani kwa huyo aliyerudia kumwomba radhi. Niliambiwa alipokelewa, akapewa chakula, na hakusamehewa.

Mimi nilipata barua ya onyo, iliyochapwa na mhazili, ikapigwa muhuri, ikaletwa kwa mkono. Nilisaini kwenye dispachi, daftari la kupokelea barua. Mkuu pia alibadilisha kanuni ya ruhusa, akaongeza mstari kuhusu ugonjwa wa mzazi. Hakutangaza, aliubandika tu ubaoni.

Ile mistari ya rejista niliiweka siku hiyo hiyo ya kamati. Ilichukua dakika kumi na moja. Wiki iliyofuata barua za kweli za mkuu kuhusu matokeo zilianza kukataliwa kila zilikotumwa, kwa sababu nilisahau kuutaja mtambo mmoja unaozituma. Nilirekebisha, nikamwandikia kumweleza. Alinijibu kwa kuja ofisini kwangu kwa miguu.

Msichana alirudi baada ya mwaka, akamaliza. Nilimkuta mara moja Kasulu, karibu na stendi, akiwa na mama yake, ambaye mguu wake umepona ukiwa mfupi kidogo na anatembea kwa fimbo. Mama alinishika mkono kwa mikono miwili akaniombea kwa Mungu kwa muda mrefu. Ilionekana hakuwahi kuelezwa kilichotokea, na anajua tu kwamba walimu walikuja na gari. Nilimtazama binti yake. Alikuwa anatazama chini.

"Nitamweleza, mwalimu," aliniambia mama alipotangulia. "Sijapata siku."

Nilimwambia naijua hali hiyo.