Darasa Lisilokuwa na wa Mwisho

Harufu ya wino mbichi wa kuchapia hunirudisha Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, nikiwa na miaka minane, kwenye darasa la Madame Odile. Tulikuwa tumetoka Lubumbashi, na tangu tufike nilikuwa sijafungua mdomo shuleni. Walimu wengine walidhani nina kasoro.

Madame Odile alikuwa Mfaransa mrefu mwenye sauti ya chini. Kwao Lyon alikuwa ameondolewa kazini kwa kukataa kuwapanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Akaja Brussels, akapewa darasa moja la majaribio. Humo hamkuwa na maksi. Kila mtoto alieleza jambo lake, tukapanga herufi za chuma, tukachapa gazeti letu, vidole vyeusi kama vya mafundi magari.

Papa hakupendezwa, jamani. Yeye alikuwa amesomeshwa kwa fimbo, na kwake mtoto asiyejulikana ni wa ngapi alikuwa hasomi. Asubuhi moja akavaa koti la kanisani, akanishika mkono, tukaenda ili aniondoe.

Madame Odile alimsikiliza mpaka mwisho bila kubishana. Akamwomba aketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Kisha akanipa ukurasa niliouchapa jana yake. Kwa kuwa Kifaransa kilikuwa kimenikwama, alikuwa ameniruhusu kutumia Kiswahili chetu cha nyumbani.

Nikasoma mbele ya wote: "Kambo yangu iko Lubumbashi. Siku tuliondoka, hakulia. Alifunga mulango tu."

Kambo, bibi yangu, ndiye mama yake Papa. Papa akauliza nani alinifundisha kuandika hivyo. Nikamjibu hakuna, niliandika vile tunavyosema.

"Bon, sawa," alisema hatimaye, akimtazama Madame. "Mutoto atabaki."

Hakuna aliyemtafsiria Madame; alielewa.

Mwaka uliofuata madarasa yakawa mawili. Baadaye Madame Odile alifundisha walimu wa mtaa mzima, hata Lyon ikamwita arudi kueleza kazi yake. Mimi nami nikawa mwalimu.

Siku alipostaafu ndipo mwenzake wa zamani aliponieleza: wiki ile wazazi kadhaa walikuwa wameshawatoa watoto wao, na mkuu wa shule alikuwa ameonya kwamba akiondoka mmoja zaidi, darasa linafungwa. Miaka yote nilidhani asubuhi ile Madame alikuwa akiniokoa mimi. Kumbe kazi yake nzima aliiweka mdomoni mwa mtoto asiyewahi kusema neno, akatulia, akaniacha nisome.