Mstari Mmoja Uliobaki kwenye Skrini

Walisema mtoto wa kijijini Munje hawezi kuelewa kompyuta. "Ataenda Doha kufagia, arudi na redio," walinicheka barazani. Nilikwenda, nikafagia kweli, jioni nikasoma, nikarudi na diploma. Leo mtandao mzima wa hoteli moja kubwa ya Diani umepita mikononi mwangu. Nakutajia haya ujue kuwa anayekusimulia si mtu wa kubabaishwa na vivuli. Yalinifika mimi mwenyewe, jua la utosi, akili zangu timamu.

Mke wangu, Mwanamisi, alikuwa akifanya kazi ya kufua katika hoteli hiyohiyo. Aliugua figo, miguu ikamvimba hata viatu vikamkataa, akafariki. Simu yake niliizima kwa mkono wangu, nikaifunga ndani ya leso yake, ikabaki nyumbani.

Sasa sikiliza. Swichi ni kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao. Ukikiuliza vifaa vilivyomo, kinakumwagia mistari mamia. Fundi mjuzi huweka kistari kilichosimama, akaandika "include", yaani jumuisha, na herufi anazozitafuta; mistari yenye herufi hizo hubaki, mingine yote hufichwa. Adhuhuri hiyo nilikuwa natafuta kamera iliyokatika. Vidole vikaandika vyenyewe herufi nne za mwisho za anwani ya kimtandao ya simu ya Mwanamisi. Nilikuwa nimezihifadhi kichwani, ni mimi niliyeiunganisha na mtandao wa hoteli.

Ukatokea mstari mmoja. Waya wa chumba cha kufulia.

Nikaondoa kichujio, nikasoma orodha yote: haumo. Nikachuja tena: umo. Ungefanya nini wewe? Mimi nilikwenda.

Alikuwa amenipa mgongo, anakunja mashuka.

"Fundi wa waya," akasema bila kugeuka, "umekula, au umeshiba diploma?"

Wallahi, ndivyo alivyokuwa akinitania. Nikacheka huku machozi yananitoka.

"Mwanamisi, twende nyumbani."

"Nitazame miguu, mume wangu."

Ilikuwa imevimba vilevile, ngozi inameremeta.

"Kule nilikolala haiumi," akasema. "Ukiniita naitika, wajua sijapata kukukatalia. Lakini nikiitika, maumivu nayo huitika. Niite basi ukitaka. Nitakuja."

Nikapiga magoti niikande, kama nilivyokuwa nikifanya wodini. Mikono yangu ikakuta sakafu.

"Kaka," msimamizi wa kufulia akaniuliza kutoka mlangoni, "mbona wapangusa sakafu kwa viganja?"

Tangu siku hiyo sijachuja. Kila kifaa nakitafuta kwa kusoma mistari yote, mmoja mmoja, na wenzangu ofisini hunidhihaki: "Fundi mzima na diploma yake, asoma kwa kidole kama mtoto wa chuo cha Kurani!" Wacheke. Hawajui kuwa kila nikikaa pale, mke wangu yupo umbali wa herufi nne, nami nakunja ngumi.

Nawe uliyezika, niamini. Marehemu wako muombee dua, mtaje mbele ya Mola wake. Usimwite aje kwako. Kama alikupenda, ukimwita atakuja, na maumivu yake.