Mlango wa Nyuma wa Imogene

Wifi yangu Imogene Tackett amepika katika jiko la shule ya Pickett Creek kwa miaka thelathini na moja, na watoto aliowalisha zamani sasa wanamletea watoto wao. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na sijawahi kumsikia akimgombeza mtu isipokuwa mimi. Mimi ni Twyla, mjane wa kaka yake. Nayaandika haya kwa sababu nimeshindwa kuyasema kwa mdomo, na nikiendelea kuyaficha nitapasuka.

Huku kwetu, kwenye vilima vya Arkansas, hodi ni ya wageni. Anayebisha mlango wa mbele ni polisi, au mtu anayeuza bima, au mhubiri wa kanisa lisilo letu. Jirani huingia kwa mlango wa nyuma, hufungua jokofu, hula kilichopo, na ukimkuta mezani unamuuliza tu kama kahawa iko tayari. Ukimbishia hodi mtu anayekujua, ni kama umemwambia kwamba huna hakika tena kama anakutaka nyumbani kwake.

Kwa miaka tisa Leland Voss aliingia kwa mlango huo kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa dereva wa greda la barabara ya kaunti, sasa amestaafu, mkewe alishafariki. Alikuwa akichemsha kahawa jikoni kabla Imogene hajatoka bafuni, wanakunywa, wanazungumza habari za mvua, kisha kila mtu anashika njia yake. Mji mzima tulikuwa tunasubiri amwombe ndoa. Leland ni mtu wa polepole. Trekta tu alilifikiria miaka minne kabla ya kulinunua. Lakini mwezi Julai mwaka jana alisimama sebuleni kwa Imogene, akautazama ukuta, akauliza, "Unaonaje, kabati la marehemu mama yangu litaenea hapa?"

Imogene alinipigia simu mara tu Leland alipoondoka. "Nimepima ukuta, Twyla. Linaenea, na nafasi inabaki."

"Umeshapima? Mwanamke una haraka wewe!"

"Nina miaka hamsini na tisa, shoga. Haraka gani?"

Tulicheka mpaka nikatokwa na machozi. Sikumbuki kumsikia na furaha ile tangu tulipokuwa wasichana.

Wiki mbili baadaye nyumba tatu kwenye barabara yetu zilivunjwa, zote mchana. Walichukua televisheni, walichukua misumeno, kwa Bwana Purcell walichukua mpaka nyama kwenye friza. Hakuna aliyeumizwa, lakini mimi nilikosa usingizi. Tangu mume wangu afariki naishi na mbwa kiziwi. Nikaona tangazo la mafunzo ya wanawake ya Jumamosi na Jumapili, kujilinda na kutumia bastola, nikajiandikisha na Imogene nikamwandikisha bila kumuuliza.

Mwalimu wetu, Corliss Haddix, aliwahi kuwa askari wa kaunti. Ni mfupi, anachechemea kwa nyonga mbovu, na hakuonekana kuvutiwa na bastola hata kidogo. Jumamosi yote hakuturuhusu kuigusa. Alitufundisha kutazama watu tunapoingia dukani, kushika funguo mkononi kabla ya kufika kwenye gari, kumpiga mtu puani kwa kiganja kisha kukimbia. Alirudia hilo la kukimbia mpaka nikachoka. Halafu tukafundishwa kupiga kelele. Mmoja anakuja kwa kasi, wewe unyooshe mikono na kuunguruma, "Rudi nyuma!"

Zamu ya Imogene ilipofika alisema, "Samahani, rudi nyuma."

"Mama, huyo anataka kukukaba, hajaja kuomba chumvi!" Corliss akamwambia, na wanawake wote tukaangua kicheko.

Jumapili ndipo tulipokwenda kwenye uwanja wa shabaha. Corliss alisema kila bastola ina risasi hata kama umezitoa mwenyewe sasa hivi. Alisema kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeona na umeamua, na kwamba asiyejua anachokielekezea bastola hana kazi ya kuishika. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, macho yangu yako kwenye ile bastola ya kuazima iliyokuwa mbele yangu.

Zoezi la mwisho lilikuwa la watu wa kadibodi waliogeuka ghafla, wengine wameshika silaha, wengine wameshika vitu vya kawaida. Imogene alikuwa akingoja aone mikono yao. Hakukosea hata mara moja. Mimi nilimpiga wa kwanza kabla hajamaliza kugeuka.

Corliss akanivua vizibo vya masikio. "Huyo ameshika simu, Twyla."

"Amenishtua."

"Watu wote hushtua. Nyumbani una bastola?"

"Ya marehemu mume wangu."

"Ifungie kwenye sanduku, urudi kwangu mwezi ujao. Usilale nayo karibu. Nakuambia kwa wema."

Nilinuna njia nzima ya kurudi. Mwanamke mzima kuambiwa hivyo mbele ya wengine! Na ile bastola ya mume wangu wakati huo ilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kiti.

Usiku huo nililala kwa Imogene, kwenye sofa. Mlango wa nyuma niliufunga kwa ufunguo mimi mwenyewe.

"Leland ataingiaje?" Imogene akaniuliza.

"Atabisha, kama watu wengine duniani."

"Leland habishi, wifi. Akikuta pamefungwa ataenda zake na hatasema neno mpaka afe."

"Basi nitaamka kabla yake nimfungulie. Kalale."

Sikuamka. Nilichokisikia ni kitasa kikizungushwa. Imogene alikuwa bafuni, maji yanamwagika. Nilivaa joho lake la njano lililokuwa kwenye kiti, nikachukua mkoba, nikawasha taa ya jikoni. Nyuma ya pazia jembamba la mlangoni alisimama mtu, na mkono mmoja ameuinua, ana kitu. Nilielekeza bastola kifuani pake. Kidole changu hakikuwa nje ya kifyatulio. Nilikuwa nimeanza kuvuta.

Sijui nini kilinizuia. Ningependa kusema ni mafunzo, lakini huo ungekuwa uongo, na uongo nimeshasema wa kutosha. Kitasa kiliachiwa. Nilisikia mfuko ukiwekwa kizingitini taratibu sana, halafu hatua za mtu anayerudi kinyumenyume. Nilipofika dirishani nikaona mgongo wa Leland na kofia yake, anaelekea kwenye pikapu. Kupitia pazia lile alikuwa ameona joho la njano na bastola tu.

Nilirudisha bastola, nikavua joho, nikafungua mlango. Zilikuwa nyanya za shamba lake. Nilizificha kwenye gari langu, na baadaye niliwamwagia kuku.

"Leland bado?" Imogene akauliza akikausha nywele.

"Bado," nikasema.

Hapo ndipo ningeweza kulimaliza jambo hili. Ningekimbia nyuma ya pikapu ile hata miguu mitupu. Lakini niliona aibu. Niliona uso wa Corliss, nikamwona Imogene akijua kwamba nilikaribia kumuua Leland jikoni kwake, nikafunga mdomo.

Kuanzia siku hiyo Imogene aliuacha mlango wazi, na Leland hakuja. Siku moja walikutana dukani, akavua kofia, akamsalimu kama anavyosalimiwa mke wa mchungaji, akaenda zake. Imogene hakumfuata nyumbani kumuuliza. Wanawake wa kwetu hatufanyi hivyo, na yeye ana kiburi chake cha kimyakimya.

"Nimemtisha," aliniambia mwezi Septemba. "Nilimwambia nimeupima ukuta. Mwanamume hajasema chochote cha maana, mimi tayari nimeshika futi."

"Wanaume ndivyo walivyo," nikamjibu. Niliyasema haya nikiwa nakula mkate wake wa mahindi, na ulinipita kooni vizuri tu.

Mwezi Oktoba binti yake Leland alikuja kumchukua, akaishi naye Nevada. Siku ya kuondoka sikuwepo. Nilipofika jioni nilimkuta Imogene ameketi jikoni, viazi viko mbele yake, kisu hajakigusa.

"Amekuja kuniaga," akasema. "Twyla, alikuja mlango wa mbele. Alibisha hodi."

Nilikaa.

"Nikamkaribisha, akakataa kuingia. Akaniomba radhi. Anasema alinitisha asubuhi ile, hakupaswa kujaribu kitasa, ana haya mpaka leo. Anasema hanilaumu, mwanamke anayeishi peke yake ana haki ya kujilinda, na mtu akielekezewa bastola na mwenye nyumba anapaswa kuelewa kwamba hatakiwi." Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Asubuhi gani? Mimi bastola naitoa wapi? Nilimwambia hivyo, akanishika mkono tu, kama mtu anayemsamehe mtoto mwongo. Wewe ulikuwa hapa siku zile. Unajua anazungumzia nini?"

Binti yake Leland alikuwa ameniachia dukani namba ya simu ya Nevada. Ilikuwa mfukoni mwangu. Dakika tano za simu zingetosha.

"Ni uzee, wifi," nikasema. "Anachanganya mambo."

Imogene alifikiri kidogo, kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akachukua kisu, akaanza kumenya viazi.

"Maskini Leland," akasema. "Basi ni heri binti yake amemchukua."